Kumpima Saimi Kentala

Wauguzi wengine wa hospitali ile walipima damu, homa na uzito. Reija Pihlajamaa alipima mawazo. Jamaa wakimwuliza kazi yake ni nini hasa, aliwajibu hivyohivyo kwa mkato, kisha akainua kikombe chake cha kahawa, na huku kwetu Pohjanmaa, magharibi mwa Ufini, mtu akishainua kikombe, maongezi yamekwisha.

Ugonjwa aliokuwa akiupima huwashika vijana wengi kuliko watu wanavyodhani. Wazo baya huingia kichwani likakataa kutoka, na kijana hupata nafuu pale tu anapotenda jambo fulani: kunawa, kukagua kufuli, kugusa ukuta, kuanza upya sentensi aliyokwisha kuiandika. Nafuu haidumu, basi anarudia. Hakuna mashine ya kuuona ugonjwa huo. Kuna maswali tu. Mambo haya yanakula muda wako kiasi gani? Yanakuzuia nini? Yanakutesa vipi? Unajaribu kuyakataa, na ukijaribu unaweza? Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi nne, na jumla yake ndiyo huamua nani aanze matibabu na nani arudishwe nyumbani na ushauri wa mdomo.

Reija alikuwa fundi wa maswali hayo. Waliomsumbua ni wavulana wa mashambani, ambao ni rahisi kuwang'oa jino kuliko kuwatoa neno. Hao aliwasimamisha katikati ya chumba akawaambia, "Fikiria umesimama ziwani. Maji yamekufika wapi? Nionyeshe kwa mkono tu." Mvulana akigusa kifundo cha mguu, alama ndogo. Akigusa kiuno, kubwa zaidi. Wapo waliogusa shingo huku wakiangalia pembeni kwa aibu, na Reija hakuwahi kumcheka hata mmoja.

Yeye mwenyewe alizaliwa katika watu wa nyumba ya sala. Hawa ni watu wasioweka televisheni sebuleni, wenye watoto wengi na mabuti mengi mlangoni, ambao hawanywi pombe na husalimiana kwa salamu za Mungu. Reija aliolewa na dereva wa lori la maziwa, akazaa watoto saba, na hajapaka rangi ya mdomo tangu azaliwe. Hospitalini walimtania kwa hayo, naye alitaniwa bila kununa.

Desturi yao moja ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Mtu akilemewa na dhambi humwendea mwenzake aaminiye, awe mzee au mtoto, na kumwuliza, "Naweza kuamini?" Mwenzake humwekea mkono begani na kumwambia aamini, dhambi zake zote zimesamehewa kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Reija aliambiwa maneno hayo kitandani alipokuwa mdogo. Aliambiwa asubuhi ya arusi yake. Na mama yake alipokuwa akikata roho, ni Reija aliyemwambia, na uso wa mama ukalegea akaenda zake kwa amani. Kumnyima mtu maneno hayo ni jambo ambalo hakulifikiria kamwe, sawa na wewe usivyofikiria kumnyima maji mtu anayeungua.

Mwezi wa Novemba aliletwa Saimi Kentala, msichana wa miaka kumi na mitano, mwembamba, nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni. Baba yake, Jouko, fundi wa matrekta, aliimba sauti ya nne kwenye nyumba ya sala, safu mbili nyuma ya Reija. Walisalimiana kwa furaha.

"Salamu za Mungu, dada Reija. Afadhali ni wewe," Jouko alisema. "Nilidhani tutapewa mtu wa kutuuliza kwa nini hatuna televisheni."

"Hilo nitaliacha mpaka mwisho," Reija alimjibu, wakacheka. Saimi hakucheka.

Shule ndiyo iliyomtuma. Kila kipindi kikiisha, wenzake walikimbilia chakula, yeye akabaki amesimama mezani kwa mwalimu.

"Unafanya nini pale?" Reija aliuliza.

"Labda narekebisha."

"Unarekebisha nini?"

"Kama nimesema kitu ambacho si kweli. Nadhani. Sina hakika kama ni kila siku."

"Huyu wangu hawezi kusema uongo hata umlipe," Jouko alidakia, na fahari ilikuwa wazi usoni pake. "Wenzake nyumbani wananidanganya mchana kweupe. Huyu anakuja kukiri hata asichokifanya!"

Reija alitabasamu. Zile "labda" za msichana hazikumshtua. Watu wa huku hawakwambii kwamba nje kuna baridi. Watakwambia huenda koti lisingekudhuru. Akaendelea na maswali yake. Kunawa? Labda kama watu wengine. Kukagua milango? Hapana, nadhani hapana. Kuhesabu? Hapana. Akafika kwenye swali la kukiri na kuomba kuhakikishiwa.

"Nyumbani unaomba msamaha?"

"Ndiyo."

"Kama kawaida yetu?"

Saimi alimtazama baba yake, kisha akamtazama Reija.

"Labda kama kawaida yetu," alisema.

Reija akaandika sifuri. Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na halikuchukua muda wa kupiga chafya. Alimwuliza mtoto swali na kumpa jibu lake katika pumzi moja, yeye ambaye angemkaripia mwanafunzi yeyote wa uuguzi kwa kufanya hivyo.

Mwanasaikolojia wa kitengo alikuwa kijana aitwaye Santeri, aliyehamia huku kutoka Helsinki na bado alivaa viatu vya mjini kwenye theluji. Alipopitia alama hizo alikuna shingo.

"Reija, hapa kwenye kuomba msamaha. Sifuri kabisa?"

"Hiyo ni imani, Santeri. Si ugonjwa."

"Sawa, lakini labda tungeuliza kidogo..."

"Mimi nimekulia humo. Wewe umekulia kwenye tramu za mjini." Alisema kwa utani, lakini utani wenye meno.

Santeri aliona haya, akafyata mkia. Jumla ya Saimi ikawa ndogo. Wakapewa ushauri: alale vizuri, asome kwa utulivu, hali ikizidi warudi. Jouko alimshukuru Reija kwa mikono miwili.

Hali ikazidi, ila ilizidi kwa namna ambayo ilifurahisha watu. Baada ya Krismasi Saimi aliacha kusema darasani. Asiyesema hawezi kudanganya, ndivyo alivyoona. Mwanzo alijibu kwa kutikisa kichwa. Halafu akaona kwamba hata kichwa kinaweza kudanganya, akaacha na hilo. Mdomo wake ulifunguka kwa jambo moja tu, kuuliza kama anaweza kuamini. Na watu wa nyumba ya sala, wema wa roho wote hao, wakasema mtoto wa Jouko ana dhamiri laini, laiti vijana wetu wote wangekuwa hivyo. Inaniuma kuyasimulia haya. Hakuna aliyemtakia mabaya. Alizama mbele ya watu mia waliompenda, na kila mmoja alidhani anaogelea.

Jumapili moja ya Machi, baada ya mahubiri, Reija alikuwa na zamu ya kumimina kahawa katika ukumbi wa chini. Akina mama walikata mkate bapa wa shayiri na jibini la kuokwa, watoto walikimbizana chini ya meza. Akahisi mtu anavuta mkono wa sweta yake. Alikuwa Saimi.

"Dada Reija, naweza kuamini?"

Reija aliweka birika chini, akamwekea mkono begani. "Amini, Saimi. Dhambi zako zote zimesamehewa kwa jina la Yesu na kwa damu yake."

Uso wa msichana ulitulia. Akaondoka hatua chache, akasimama, akarudi.

"Uliposema 'zote', kikombe kiligonga sahani. Sijui kama nilisikia."

Reija akamwambia tena, polepole. Saimi akaondoka, na kabla Reija hajamimina kikombe cha pili alikuwa amerudi tena, midomo mikavu.

"Nimekwambia sikusikia. Lakini labda nilisikia. Basi nimekudanganya. Naweza kuamini?"

Mama mmoja aliyekuwa akipanga vijiko alitikisa kichwa kwa upole. "Mtoto wa Mungu huyo," alimnong'oneza Reija. "Kwangu amekuja tangu asubuhi, na kwa mume wangu, na kwa mhubiri. Hachoki."

Reija akayatazama macho ya Saimi, akayatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa anayajua. Wavulana wanaonawa mpaka ngozi inachubuka huyatoa macho hayohayo wanapoliona bomba la maji. Hayakuwa na toba wala imani ndani yake. Yalikuwa macho ya mtu anayelikimbilia bomba, na leo bomba lilikuwa Reija. Lilikuwa ukumbi mzima.

Akasema yale maneno mara ya tatu, kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Halafu alikwenda kwenye chumba cha makoti akakaa katikati ya manyoya na skafu za watu, ameshika tama. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Amepima vijana wa wilaya nzima, na huyu ambaye baba yake huimba safu mbili nyuma yake hakumpima. Alimtazama tu akajiona mwenyewe.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Santeri bila kugonga.

"Ile sifuri ya Saimi Kentala ni yangu, na si kweli," alisema. "Mwite arudi."

Santeri aliweka kalamu chini. "Nilijua kuna kitu. Niliogopa kuuliza. Ningeonekana nadharau dini ya watu."

"Ungeuliza tu."

"Na ungenijibu nini?"

Reija alifikiri. "Ningekufukuza."

"Basi."

Hawakucheka. Santeri akachukua simu.

Jouko alikuja Alhamisi, amenawa mikono lakini grisi bado imo kwenye kucha. Alikuwa amekonda. Mkewe alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Saimi alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Leo sitakuuliza kama ni kawaida yetu," Reija alimwambia. "Na huna haja ya kusema neno. Simama hapa katikati. Uko ziwani. Nakuuliza kuhusu kuomba msamaha, hilo peke yake. Muda wako linaokula, maji yamefika wapi? Kadiria tu, si lazima iwe sawasawa."

Mkono wa Saimi ulining'inia. Ukainuka mpaka kiunoni, ukasita, ukapanda kifuani.

"Na linavyokuzuia? Shule, marafiki, chakula, usingizi?"

Kifuani tena.

"Linavyokutesa?"

Mkono ukapanda mpaka shingoni, ukakaa chini ya kidevu.

Jouko alisogea mbele kwenye kiti. Reija aliendelea, sauti ikiwa ileile.

"Unapojaribu kutoomba. Unaweza?"

Saimi hakushusha mkono. Aliuinua zaidi, ukapita kidevu, ukapita midomo, ukafunika macho. Hapo ziwa lilikuwa limekwisha kumfunika, na maswali ya Reija hayakuwa na alama kubwa ya kutosha.

"Saimi," Jouko aliita. "Saimi, mwanangu. Unapata amani basi nikikwambia? Hata kidogo?"

Kwa wiki nyingi Jouko alikuwa hajamsikia bintiye akisema jambo lolote ila kuomba msamaha. Sauti ya Saimi ilitoka nyuma ya kiganja.

"Sijawahi kupata, baba."

Jouko alifuta uso wake kwa mkono wenye grisi, ukabaki na mstari mweusi shavuni. Santeri akaanza kueleza matibabu kwa uangalifu: kwamba Saimi atajifunza kukaa na shaka bila kuizima, kidogo kidogo, na kwamba familia itatakiwa isimsaidie kuizima. Jouko alisikiliza mpaka alipoelewa, ndipo alipogeuka kwa Reija.

"Yaani nimnyime msamaha mwanangu?"

"Kaka Jouko..."

"Wewe dada ndiye wa kuniambia hivyo? Wewe? Huyu bwana sawa, hajui. Lakini wewe ulimfunga macho mama yako kwa maneno hayo, tulikuwa wote pale!"

"Ndiyo maana nakwambia mimi. Angekwambia yeye ungechukua kofia ukaenda zako."

"Hata sasa naweza kuichukua."

"Ichukue, lakini nijibu kwanza. Neno la msamaha likisemwa mara moja, linatosha au halitoshi?"

Jouko alikunja uso. "Linatosha. Mtoto mdogo anajua hilo."

"Basi tunapomwambia mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi, tunamfundisha nini? Tunamfundisha kwamba halikutosha. Kila tukimrudia tunamwambia, mwanangu, una haki ya kuogopa." Reija alishika ukingo wa meza. "Nami nimemwambia Jumapili mara tatu. Sikumsamehe, kaka. Nilimpa ugonjwa chakula."

Jouko aliitazama kofia iliyokuwa magotini pake. Saimi, bado amesimama katikati ya chumba, alimgeukia, na wote watatu waliona midomo yake ikijipanga.

"Baba, nimesema sijawahi. Labda niliwahi. Nimekudanganya. Naweza kuamini?"

Fundi yule wa matrekta akafumbua kinywa. Mazoea ya maisha yake yote yalikuwa kwenye ulimi. Akakifumba. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola ya shati, na mikono yake ikaipinda ile kofia mpaka ikawa kama kamba. Saimi alimsubiri, akapauka. Akauliza tena kwa sauti ndogo zaidi. Baba hakumwambia kitu. Alinyoosha mkono tu akamshika kiganja, akakaa nacho. Haukuwa muda mfupi. Reija alisema baadaye kwamba amewahi kuzaa kwa muda mfupi kuliko huo. Mwishowe rangi ilimrudia msichana usoni, akaketi karibu na baba yake, amechoka, hajasamehewa, na yu hai.

Kazi ya nyumba ya sala aliichukua Reija mwenyewe. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu, akanywa kahawa mpaka moyo ukamdunda. Wengine walimwelewa. Wengine walimwambia hospitali imemharibu, na mama mmoja aliyesoma naye toka utotoni, mpaka leo anamsalimia kwa kichwa tu. Reija hakuwabembeleza.

Mwishoni mwa Mei, Saimi alirudi kupimwa tena. Theluji ilikuwa imekwisha, na alikuwa ameingia darasani karibu kila siku ya mwezi huo. Alikuwa akisema. Si mengi, na bado zilimjia siku mbaya, lakini alisema. Alijibu maswali akiwa ameketi kitini, kwa mdomo wake. Alama zilikuwa zimeshuka. Hazikuwa za mtu mzima wa afya, ila zilikuwa zimeshuka, na safari hii hakuna aliyemtilia jibu mdomoni.

Reija alipomaliza hakunyanyuka.

"Saimi, kuna jambo. Mwezi wa Novemba nilikupima vibaya. Ulikuja kwangu ukiwa mgonjwa, nikakurudisha nyumbani. Baridi yote ile ulikaa kimya kwa sababu yangu."

Alitaka kuendelea, akanyamaza. Kwa watu wao, ukimkosea mtu humwendi mwingine. Unamwendea yeye, unamwuliza yeye, na yeye ndiye anayekuambia. Maneno yalikuwa yamemjaa Reija kinywani. Alikuwa ameyauliza maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumkatalia. Lakini aliyemkosea alikuwa mtoto huyu, na kumwuliza mtoto huyu ilikuwa kumrudisha ziwani.

Saimi alimtazama. Midomo yake ilisogea kidogo, kisha ikatulia.

"Unataka kuniomba," alisema.

"Ndiyo."

"Ukiniomba nitasema. Halafu usiku nitaanza kujiuliza kama nilisema vizuri."

"Najua. Ndiyo maana siombi."

"Utakaa nayo, bila kuizima?"

"Nitakaa nayo."

"Mwanzo ndio mbaya," Saimi alisema. "Na usimwulize mtu mwingine. Ukimwuliza mwingine ni yaleyale."

Reija alitikisa kichwa kukubali, halafu uso ukamharibika, akalia mbele ya mgonjwa wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake yote. Saimi hakumwekea mkono begani, wala hakusema yale maneno. Alisogeza kiti karibu, akakaa naye mpaka baba yake alipogonga mlango.